Waipa za Beetle zinachoka mvua ikinyesha: ninunue mota ingine ama nini?

"Habari fundi. Niko na Beetle 1300 ya 1971, volti 12, ilikuwa ya baba yangu. Naiendesha wikendi na siku zingine naenda nayo kazini Upper Hill. Shida ni waipa. Nikiwasha zinaanza poa, lakini baada ya kama dakika kumi za mvua zinaanza kwenda polepole, na nikiwa nimekwama kwa jam Waiyaki Way ndio mbaya zaidi, nikikanyaga mafuta zinaamka kidogo. Nikizima zinasimama katikati ya kioo badala ya kurudi chini. Mara mbili zimekataa kabisa, nikagonga chini ya dashibodi zikaenda. Nimebadilisha bledi, hakuna tofauti. Fundi wa kwanza anasema mota imekufa ninunue ingine Kirinyaga Road, ameniambia elfu kumi na tano. Wa pili anasema mota ni nzima, anataka kuvuta waya dairekti na swichi yake ndio ipate moto wa kutosha. Mume wangu anasema niuze hii gari. Nisikize nani?"

Dada, mumeo tumweke kando kwanza, yeye atajibiwa na waipa zikishafanya kazi. Tuanze na hawa mafundi wawili, kwa sababu nikisoma maelezo yako naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli halafu akarukia dawa. Wa kwanza ameona mota imechoka, sawa imechoka, lakini hajauliza inachoshwa na nini. Wa pili anashuku umeme haufiki vizuri, na kusema kweli hapo anaweza kuwa karibu kuliko mwenzake, ila dawa yake ndio inanitisha. Wewe umenipa dalili nne, na watu wakiona dalili nne kwa kitu kimoja wanadhani lazima ni ugonjwa mmoja. Kwa gari imepita miaka 50 si lazima, mimi hapa naona shida ndogo mbili ama tatu zimekutana mahali pamoja, na nyingi kati ya hizo haziponi kwa kununua mota.

Hiyo ya waya dairekti kataa leo. Waya mpya peke yake si mbaya, ukiwa na fyuzi yake, saizi inayofaa, na umepitishwa mahali hauchuniki, huo ni ukarabati wa kawaida tu. Mbaya ni ule wa chap chap, unatolewa mahali kuna moto wa umeme unaunganishwa na mota, fyuzi hakuna, tepu nyeusi hapa na pale. Sasa kwa Beetle hebu fikiria mota ya waipa inakaa wapi. Iko nyuma ya dashibodi, unaifikia ukifungua buti ya mbele, na jirani yake hapo ni tanki ya petroli. Watu husahau kwa sababu injini iko nyuma na betri iko chini ya kiti cha nyuma, lakini petroli yenyewe iko mbele, karibu na magoti yako. Waya isiyo na fyuzi ikichunika igusane na bodi hakuna kitu cha kuikata, itapata joto mpaka plastiki iyeyuke, na hapo karibu kuna paipu za petroli za raba ambazo pengine hazijabadilishwa tangu mzee wako aendeshe. Na hata kama haitaungua, ukiweka swichi ya pembeni ya washa-zima, waipa zitakuwa zinasimama popote ulipozimia siku zote, kwa sababu umeruka ile njia ya umeme inayozirudisha chini. Kwa hivyo dalili moja kati ya zile nne utakuwa umeifanya ya kudumu.

Na kama ulishaona fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, itoe. Ni jambo lile lile, limevaa nguo ingine tu.

Sasa nikueleze hiki kitu kinavyofanya kazi, ukikielewa hakuna fundi atakuzungusha. Ndani kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi sana, halafu gia inaipunguza mwendo na kuiongezea nguvu. Hiyo gia inazungusha kimkono kidogo, na hapo ndipo kuzunguka kunageuka kuwa kwenda na kurudi, kwa sababu kimkono kinasukuma na kuvuta fimbo mbili, na kila fimbo inageuza shafti moja. Shafti ndio zile mbili unaziona zimetokea nje chini ya kioo, ndio zinabeba mikono ya waipa. Kila shafti inapita ndani ya bushi, kile kipete cha chuma kinachoishikilia, na bushi inataka grisi. Kuna raba ndogo pale shafti inapotokea kwa bodi, ya kuzuia maji yasiingie. Hiyo raba ikipasuka, na jua la Nairobi linazipasua, maji na vumbi vinaingia hapo miaka na mikaka, grisi inakauka na kuganda, kutu inaanza, na shafti ambayo ilipaswa kugeuka kwa kidole inaanza kudai nguvu. Kwa Beetle hii ndio shida naikuta mara nyingi kuliko zote. Mota inalaumiwa, kumbe ni shafti.

Hiyo habari ya kuanza poa halafu kuchoka baada ya dakika kumi inatoka hapa. Mota ya umeme ikizunguka inatengeneza umeme wake kidogo ambao unasukumana na ule wa betri, na hiyo ndio inaizuia isivute ampea nyingi, yaani umeme mwingi. Ukiibana isifikishe mwendo wake, ule msukumo wa kurudi unapungua, inavuta ampea zaidi, ampea za ziada zinageuka joto, koili zikipata joto zinaupinga umeme zaidi, nguvu inashuka, inaenda polepole zaidi, inapata joto zaidi, unaona mduara wenyewe. Ni kama yule jamaa wa mkokoteni ametoka Marikiti na mzigo na tairi hazina upepo, mwanzo anakimbia vizuri, ukimpata mbele amesimama anahema. Ukimfukuza uajiri mwingine mwenye misuli na hujajaza tairi upepo, naye atahemea pale pale. Elfu kumi na tano yako itaenda hivyo.

Dalili ya pili, kwamba kwa jam zinalala na ukikanyaga mafuta zinaamka, hii si ya shafti. Hii inaniambia umeme ni mdogo. Beetle ya 1971 kwa kawaida inatengenezewa umeme na dainamo, si alteneta kama magari ya sasa, na dainamo injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa inatoa umeme kidogo sana, karibu na bure. Ile ya volti 12 inaweza kutoa kama ampea 30 ikizunguka kwa kasi, lakini ukiwa umesimama pale Kangemi saa moja jioni, taa zimewaka, waipa zinaenda, mguu uko kwa breki na taa za breki zimewaka, vyote hivyo vinakula kwa betri. Betri ikiwa mzee volti zinashuka, na waipa zinasikia mapema kuliko kitu kingine. Kwa hivyo kidogo hapo ni kawaida ya hizi gari, usitegemee ziende kama za Vitz ya jirani. Lakini kama zinakaribia kusimama, basi ama betri imechoka, ama mkanda wa dainamo umelegea, ama umeme unapotelea njiani kabla haujafika kwa mota.

Ya tatu, kusimama katikati ya kioo. Ukizima swichi, mota haikatwi umeme hapo hapo. Kuna waya ingine, kwa hizi gari za Ujerumani utaona imeandikwa 53a pale kwa mota, inayoendelea kuilisha umeme kupitia kontakti ndogo zilizo ndani kwa gia, mpaka mikono ifike mwisho wake, ndio hizo kontakti zinaachana na mota inasimama. Kontakti zikiwa na uchafu ama zimeungua, ama hiyo 53a haina moto, mota inazimika hapo hapo ulipoizimia. Pia mota ikiwa imelemewa sana na shafti nzito inaweza kukosa nguvu ya kumalizia safari, kwa hivyo usihukumu kontakti kabla hujatengeneza shafti.

Ya nne, ya kugonga ndio iende, hii ndio peke yake inayoelekeza kidole kwa mota yenyewe. Ndani kuna brashi za kaboni zinazolalia sehemu inayozunguka na kuipa umeme. Zikiisha ama zikinata kwa vumbi lake hazigusi vizuri, ukigonga zinatikisika zinagusa. Lakini konekta iliyolegea nyuma ya swichi nayo ukigonga dashibodi inatikisika ikagusa, kwa hivyo hata hii si ushahidi kamili. Na hata zikiwa ni brashi, brashi ni kitu cha bei ndogo, mota mzima haitupwi kwa sababu ya brashi.

Haya, tuingie kazini. Tafuta multimita, kile kifaa cha kupima volti, hata ile ya bei rahisi ya maduka ya Luthuli Avenue itatosha. Na kila mara unapotesti, kioo kiwe na maji, mwagia na chupa, usizungushe waipa kwa kioo kikavu, utaharibu raba na majibu yatakudanganya.

Anza na betri na mkanda kwa sababu ni bure. Injini ikiwa imezima na gari imelala usiku mzima, betri nzima inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12 ama chini, hiyo betri ama haijachajiwa ama inazeeka, shughulika nayo kwanza. Washa injini, mwambie mtu akanyage mafuta kidogo, usome tena, inafaa ipande kuelekea 14. Isipopanda, dainamo ama regyuleta yake, ile inayopima umeme unaotoka, ndio mgonjwa, na waipa zilikuwa zinakupigia kengele tu. Mkanda uusukume na kidole gumba katikati, ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi umelegea, na huo mkanda kwa Beetle ndio unazungusha feni ya kupoza injini pia, kwa hivyo usiuache. Taa nyekundu ya dashibodi ikiwa inawakawaka kwa jam ilhali ukikanyaga mafuta inazima kabisa, hiyo ni dainamo yako na tabia yake ya kawaida, ikibaki imewaka hata ukiwa mwendoni simama uangalie mkanda.

Halafu test ambayo naipenda sana kwa sababu inajibu mengi na haitaki akili nyingi. Toa mikono ya waipa, lakini kabla ya kuitoa bandika tepu kwa kioo kuonyesha ilikuwa imelala wapi. Sasa washa waipa bila mikono, uangalie zile shafti zikigeuka. Zikienda kwa kasi na furaha, mzigo ulikuwa kwa bledi na mikono. Zikiwa bado nzito, zima, toa betri, jaribu kugeuza kila shafti na mkono. Kama hazijashikana na mota zinafaa zigeuke laini. Shida ni kwamba zimeunganishwa na fimbo, kwa hivyo ili upate jibu safi lazima uzitenganishe, na hiyo ni kazi ya kufungua buti ya mbele, ambayo nakuja kwayo sasa hivi.

Kabla ya kufungua, pima umeme. Washa injini, taa kubwa na waipa, pima volti kwa betri, halafu pima kwa terminali ya mota inayopokea umeme. Ukipata kwa betri 12.8 na kwa mota 12.2, uko sawa. Tofauti ikizidi volti moja, kuna mahali unapotelea, na hapo unafuata njia nyuma kipande kwa kipande, kwa swichi unapotokea, kwa swichi unapoingia, kwa fyuzi upande huu na ule, mpaka uone zilipopotea. Pima pia upande wa kurudi, ile mafundi wanaita athi, waya moja ya multimita kwa bodi ya mota na ingine kwa chuma safi cha gari, waipa zikienda. Hapo unataka usome karibu na sifuri. Ukisoma nusu volti ama zaidi, mota haijashikana vizuri na bodi, ni kutu ama rangi imewekwa kati, piga msasa ufunge tena. Magari yaliyopigwa rangi mpya yanakuwa na hii shida sana na hakuna anayeishuku, wewe unafurahia rangi na umeme hauna pa kurudi.

Mahali ambapo mimi ningeweka pesa yangu ni fyuzi. Beetle yako inatumia zile fyuzi za zamani zenye ncha mbili zilizochongoka, zinabanwa na vibati viwili vya shaba. Hivyo vibati vinalegea na vinaota uchafu wa kijani, na fyuzi ambayo haijaungua hata kidogo inaweza kula volti moja ama mbili kwa sababu tu haijabanwa. Toa betri, toa fyuzi, safisha ncha na vibati na msasa laini, kaza vibati kidogo na koleo, rudisha fyuzi mpya. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ya 16, usiweke nyekundu mahali pa nyeupe eti ndio isiungue. Fyuzi ya waipa kwa kawaida inalisha na vitu vingine, kwa hivyo kama honi ama kitu kingine huwa kinasumbua siku moja moja, hiyo ni sababu zaidi ya kuanzia hapo.

Sasa kufungua. Betri itolewe kwanza, hii si adabu tu, mota inaweza kuruka ikitafuta mwisho wake na kidole chako kiko katikati ya fimbo. Fungua buti ya mbele, toa ile kadibodi ya kuficha waya, na kulingana na gari kuna boksi la hewa safi linaloziba njia, litoke pia. Hapo hapo angalia kama hilo boksi limejaa majani. Wale wanaopaki chini ya jakaranda wanapata maua yameingia kwa matundu yaliyo mbele ya kioo, yanaoza, maji yanakosa pa kutokea, na unyevu unakaa jirani na mota. Piga picha na simu waya zilivyokaa kabla ya kuchomoa hata moja. Nje unafungua nati za shafti, unatoa raba zake, ndani unafungua boliti inayoshika fremu, kile chuma kinachobeba mota na shafti, halafu mota na fimbo na shafti vinatoka pamoja kama kitu kimoja. Si kazi ya nguvu, ni ya uvumilivu na mikono midogo.

Ikiwa mezani, chomoa fimbo kutoka kwa kimkono cha mota. Sasa geuza kila shafti na vidole. Ikigoma, umepata mchawi wako. Weka mafuta ya kupenya, geuza, weka tena, iache ilale, usitumie nyundo. WD-40 ni nzuri kwa kulegeza lakini usiiache hapo ukidhani umepaka grisi, itakauka na mwezi ujao utarudi pale pale. Ikishalegea safisha kabisa, futa, paka grisi ya lithiamu, na ubadilishe zile raba za nje, bila hizo unafanya kazi bure. Shafti ikiwa imelika mpaka inacheza ndani ya bushi, pale Kariobangi Light Industries kuna watu wa lathe wanaokata bushi mpya ya shaba ikae sawa, pelekea mtu kipande chenyewe si maelezo.

Mota ikiwa peke yake bila mzigo, ipe umeme wa betri kupitia waya yenye fyuzi. Ikizunguka kwa kasi isiyobadilika na haipati joto, ni nzima, rudisha. Ikisitasita ama inatoa cheche nyingi ndani, hapo ndio ufikirie brashi, kusafisha sehemu zinapolalia, grisi mpya kwa gia, na hizo kontakti za kurudisha waipa chini uzisugue kidogo na msasa mlaini sana. Fundi wa umeme anayetengeneza mota za kuwashia injini na dainamo anaweza kufanya yote haya, na kaboni akikosa saizi anachonga kutoka ya gari ingine, hiyo ni kawaida na haina ubaya.

Ukirudisha, washa mota bila mikono, izime, iache ifike mwisho wake yenyewe, ndio sasa uweke mikono kufuatana na ile tepu. Watu wengi wanaweka mikono kwanza, halafu wakiwasha inagonga fremu ya kioo, na wanarudi kulia kwamba fundi ameharibu.

Kuhusu kununua. Kama mota imeungua koili kweli, unanusa kabisa, basi kununua kuna maana. Kirinyaga Road utapata za kutoka kwa gari zilizochinjwa, lakini uulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa. La kwanza volti, kwa sababu Beetle za zamani zilikuwa za volti 6 na ziko nyingi kwa vibanda. Ya volti 6 ukiipa 12 itakimbia vizuri sana, utafurahi, halafu itaungua. La pili, kama unanunua na fremu yake, iwe imetoka kwa gari ya usukani wa kulia na ya miaka ya karibu na yako, manake fimbo si sawa na shafti zilibadilishwa, mikono yako inaweza kukataa kuingia. Iwekewe umeme mbele yako, na uibane kidogo na kitambaa uone kama ina nguvu, kuzunguka hewani hata mgonjwa anazunguka. Mpya ya kuagizwa nje ni safi lakini na usafiri na ushuru inakuwa ghali, mimi ningetengeneza ya zamani kwanza kwa sababu zile za asili zilijengwa kwa chuma kizuri. Kuhusu kuweka mota ya gari ya kisasa, inawezekana, nimeona, ila unakata na kuchomelea vitu ambavyo havirudi, na gari ya baba yako sidhani unataka kuikata.

Kuna wengine watakushauri uweke alteneta. Inasaidia kwa jam, hilo sikatai, kama unaendesha kila siku usiku na mvua ni jambo la kufikiria. Lakini kwa gari ya wikendi yenye dainamo nzima na betri nzuri, ni pesa ambayo ningeweka kwa paipu mpya za petroli kabla ya kitu kingine chochote.

Umesema umebadilisha bledi. Pima urefu ukilinganisha na za zamani kama bado unazo. Bledi za Beetle ni fupi, na duka likikosa wanakupa ndefu kidogo "itaingia tu mama", na ndefu ni mzigo zaidi kwa mota ambayo tayari inalia. Kioo nacho kioshe na sabuni ya vyombo mpaka maji yasishikane matone matone, moshi wa dizeli wa Thika Road na Waiyaki unaacha mafuta ambayo raba haiwezi kufuta. Na kuna wale wanapaka dizeli kwa raba za waipa ing'ae, wakome, inavimbisha raba.

Kitu kimoja cha pembeni kwa sababu mtu ataniuliza: kama maji ya kuoshea kioo hayatoki, usitafute pampu ya umeme, Beetle za wakati wako zinasukuma hayo maji kwa upepo wa tairi ya spea. Spea ikiwa haina upepo wa kutosha hakuna maji. Ni wazo la Wajerumani hilo, mimi nalipenda, ingawa siku ya panchari utagundua spea yako haijajaa.

Sasa wapi uache kufanya mwenyewe. Ukisikia harufu ya petroli mbele, usiwashe chochote, usipime chochote, hiyo inatengenezwa kabla ya waipa na mtu aione kwa macho. Fyuzi mpya ikiungua tena na tena hata mikono ikiwa imetolewa, kuna waya imegusa bodi, ipeleke kwa fundi wa umeme wa magari, si fundi wa injini. Waya zikiwa zimekuwa ngumu na zinavunjika ukizikunja, ama kuna mahali plastiki imeyeyuka, hapo unahitaji mtu wa kubadilisha hicho kipande cha waya chote, tepu haitoshi. Na ukikuta chuma chini ya kioo kimeoza pale shafti zinapotokea, hiyo ni kazi ya panel beater. Fundi unayempelekea muulize tu swali moja, kwamba atapima volti ngapi kwa mota kabla ya kuitoa. Akikuangalia kama umemtusi, endelea kutafuta.

Mpaka hapo usitoke nayo usiku kwa mvua, hasa hii ya masika ambayo inakuja yote mara moja. Kama imekupata barabarani, ingia petrol station usubiri. Na mumeo mwambie hizi Beetle zilishinda mashindano ya magari ya Safari 1954, 1957 na 1962, kwa tope la kweli, umeme wote ukiwa wa volti 6.

Nitumie majibu matatu ukishapima: volti za betri injini ikiwa imezima, volti za betri na za mota taa na waipa zikiwa zimewaka, na kama shafti zinageuka kwa vidole fimbo zikiwa zimetolewa. Nikiwa na hizo nitakuambia kama utoe hiyo elfu kumi na tano ama uiache kwa mpesa yako.